Vitisho vya Mchana, Hofu za Usiku

Katika darasa la chekechea ninalofundisha hapa Tanga, nimezoea kuwauliza watoto wanaogopa nini usiku, na sehemu kubwa ya majibu yao ni maneno yetu sisi watu wazima yakiturudia. Mmoja anaogopa dudu litakalomla akibakisha chakula. Mwingine anamwogopa mwendawazimu wa sokoni, ambaye aliambiwa kwamba huwabeba watoto watukutu kwenye gunia. Yupo anayemwogopa daktari mwenye sindano, yupo anayeogopa polisi, na yupo anayemwogopa mumiani bila kujua kama huyo mumiani ni mtu, mnyama au gari. Wanaotaja giza lenyewe, bila mkaaji yeyote ndani yake, ni wachache. Ndiyo maana mzazi anaponijia asubuhi na macho mazito kwa kukesha, akitaka kujua afanyeje na mtoto asiyekubali kulala au anayepiga ukelele kila umeme unapokatika, swali langu la kwanza linahusu mchana: nyumbani kwenu, mtoto akikataa kula au kuoga, huambiwa atachukuliwa na nani?

Kitisho kinapendwa kwa sababu kinafanya kazi papo hapo. Mtoto anameza tonge, anavua nguo aoge, anaingia kitandani. Dada wa kazi mwenye watoto watatu miguuni na sufuria jikoni hana nafasi ya kubembeleza, na wengi wetu tulilelewa hivyo hivyo. Lakini kiumbe aliyeitwa saa saba mchana ili uji uishe hapewi ruhusa ya kuondoka. Hakuna anayemwambia mtoto jioni kwamba lile dudu limekwenda zake kwa kuwa uji uliisha. Linabaki nyumbani, na linakaa pale macho ya mtoto yasipofika: chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, kwenye njia ya kwenda chooni. Kisha, saa mbili usiku, mtu mzima yule yule aliyelileta humwambia mtoto, "Hakuna kitu hapo, lala," na kumshangaa kwa kutoamini.

Si hofu zote za usiku zimetengenezwa na sisi, hilo nalikubali. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita yuko katika umri ambao akili inaweza kuumba kitu kabla haijaweza kukipima. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyetumia miaka mingi kuzungumza na watoto na kuandika majibu yao, alieleza kwamba watoto wadogo wengi huamini ndoto hutoka nje yao na hutokea mle mle chumbani, mbele ya macho yao. Anayelijua hilo hatamwita mtoto mwongo anaposema kuna mtu amesimama kwenye kona. Kwake yeye yupo kweli. Kanzu iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ina mabega na ina mikono. Upepo wa feni ukiipitia inatikisika. Na chandarua kilichoshushwa kinaitia ukungu kiasi kwamba hata mtu mzima aliyeamka ghafla anaweza kuitazama mara mbili. Nyumbani kwetu, kanzu na mabaibui vilihamishwa kutoka nyuma ya mlango vikatiwa kabatini, na nawashauri wazazi waanze na jambo dogo kama hilo: walale kwenye kitanda cha mtoto, kichwa pale anapoweka kichwa chake, taa ikiwa imezimwa, watazame chumba anavyokitazama yeye.

Kabla ya kuzungumzia nini kifanyike, ni lazima mzazi ajue kitu gani hasa kinamwamsha mtoto wake, kwa sababu kuna mambo mawili yanayofanana kwa kelele na kutofautiana karibu kwa kila kitu kingine.

La kwanza ni ndoto mbaya. Hii huja zaidi katika nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri, wakati ambapo ule usingizi wa ndoto, ambao macho huchezacheza chini ya kope, huwa mrefu zaidi. Mtoto anaamka kweli. Anakujua, anakung'ang'ania, anaweza kukusimulia kwamba alikimbizwa na mbwa au kwamba mama alipanda gari akamwacha, na anaogopa kulala tena. Huyu anahitaji kukumbatiwa, kusikilizwa kwa ufupi na kukaa na mtu mpaka moyo utulie. Masimulizi marefu ya ndoto yanaweza kungoja asubuhi, wakati mwanga upo na mtoto anaweza hata kuichora.

La pili ni kuweweseka kwa nguvu, ambako baadhi ya watu hapa kwetu huita mshtuko wa usingizini. Hutokea mapema, mara nyingi saa moja hadi tatu baada ya mtoto kulala, katika usingizi ule mzito kabisa. Mtoto anaketi ghafla, anapiga ukelele wa kuamsha mtaa, macho yamefunguka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Mama anamshika, naye anamsukuma mama kama mtu asiyemjua. Anaweza kusema maneno yasiyoeleweka au kushuka kitandani na kutaka kukimbia. Baada ya dakika chache, pengine nyingi kidogo, anajilaza na kuendelea kulala kana kwamba hapakutokea kitu, na asubuhi hakumbuki chochote. Hali hii hutembea katika baadhi ya familia, na huchochewa na uchovu, kukosa usingizi wa kutosha, homa, au kibofu kilichojaa.

Hapo ndipo nyumba nyingi zinapochanganyikiwa, na nawaelewa. Mtoto mwenye macho wazi asiyemtambua mama yake ni jambo la kutisha, na haichukui muda jirani kufika na chetezo cha udi na kutoa hukumu kwamba mtoto ameingiliwa na pepo. Sina ugomvi na udi. Ninachowaomba wazazi ni wasimtikise mtoto, wasimmwagie maji, wasimpige kofi la kumzindua na wasimwulize maswali, kwa sababu kwa hakika bado amelala, na kumwamsha kwa nguvu kunaweza kurefusha fujo. Kaa karibu, zuia asianguke wala asigonge kichwa, sema naye kwa sauti ya chini, ngoja. Ikiwa mishtuko inakuja karibu saa ile ile kila usiku, baadhi ya madaktari hushauri kumwamsha mtoto taratibu, robo saa au nusu saa kabla ya saa hiyo, kwa muda wa wiki chache. Kumpeleka chooni kabla ya kulala na kumrudishia usingizi wa mchana kama ameuacha mapema mno husaidia pia.

La kuchunga zaidi ni kinachofuata asubuhi. Mtoto aliyeweweseka ameamka akiwa hana kumbukumbu yoyote na hana hofu yoyote. Kisha anakaa kwenye mkeka, mbele ya chai na mihogo, akisikia shangazi anavyomweleza jirani: "Macho yalimtoka hivi! Hatujui alikuwa anaona nini!" Hofu ya usiku unaofuata imezaliwa hapo, saa mbili asubuhi, kwa mazungumzo ya watu wazima.

Lipo la tatu ambalo halingoji asubuhi. Degedege, ambalo wazee wengi wa pwani walilihusisha na ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba, ni hali ya mwili na huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano wenye homa kali. Na katika maeneo yetu malaria ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya kuyafikiria. Mtoto anakakamaa, viungo vinarusharusha, macho yanageuka juu, haitiki akiitwa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, na mpeleke kituo cha afya usiku huo huo akapimwe, hata kama amekwisha kutulia. Kila mtoto mwenye homa anayepiga kelele usiku apimwe malaria kabla ya mtu yeyote kuanza kujadili ndoto zake. Na kwa mtoto anayelala vibaya bila homa, mwulize mtaalamu kuhusu minyoo midogo inayowasha usiku sehemu ya haja kubwa, na kuhusu mafindofindo yanayomfanya akorome na kukatika pumzi. Matatizo haya mawili huvunja usingizi wa watoto wengi wanaodhaniwa kuwa waoga.

Baada ya kuondoa hayo, tunabaki na hofu yenyewe: mtoto yuko macho, giza limeingia, na anaogopa. Jua la Tanga huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza hushuka upesi, kwa hiyo karibu nusu ya maisha ya mtoto wetu hupita usiku. Hatuwezi kumlea kwa kumkwepesha giza. Inabidi alijue.

Kitindamimba wangu, akiwa na umri wa miaka minne, alianza kukataa kulala kwa sababu ya "mtu wa juu". Paa letu ni la bati, na nyuma ya nyumba upo mkungu mkubwa unaotupa matawi yake juu ya paa. Usiku mmoja nilizima taa, nikalala kando yake ndani ya chandarua, nikamwomba tusikilize.

"Nani yule, mama?" aliniuliza paliposikika kishindo kidogo.

"Sijui bado. Sikiliza, anatembea au anaanguka?"

Alisikiliza. "Anaanguka. Kisha anabingirika."

Asubuhi tulikwenda nyuma ya nyumba, tukaokota kungu chini ya mfereji wa bati. Nyama yake ilikuwa imekwanguliwa, na juu ya kokwa palikuwa na alama ndogo ndogo za meno. Tukazungumza juu ya popo wanaokula matunda, ambao huja mkunguni gizani, hula nyama ya tunda na kuliacha kokwa lianguke. Mtoto alikaa na kokwa lile mfukoni mpaka mfuko wa kaptula ukatoboka. Usiku uliofuata, kishindo kiliposikika, alisema mwenyewe, "Popo anakula."

Tangu hapo tukawa na mchezo wa kutaja sauti. Bati linalolia "ta!" saa mbili au saa tatu usiku linapoa baada ya jua la mchana na kunywea. Anayetoa milio ya harakaharaka ukutani karibu na taa ni mjusi kafiri, naye anakula mbu. Kuna panya darini, na sikumficha kwamba ni panya, kwa sababu mtoto akijua kwamba mama humwambia kweli hata kwa jambo lisilopendeza, atamwamini anapomwambia kwamba zimwi hakuna. Sauti iliyotupa kazi zaidi ni ya komba, ambaye hulia usiku kwa ukelele unaofanana mno na kilio cha mtoto mchanga. Nimekutana na watu wazima wanaovuta shuka wakimsikia. Tulimtafuta kwa tochi kutoka barazani mpaka tukaona macho yake mawili yakiwaka mtini, kisha akaruka. Mtoto akacheka.

Kumsogeza mtoto hatua kwa hatua kwenye kitu anachokiogopa, akiwa na mtu anayemwamini na akiwa na jambo la kumfurahisha, si ugunduzi wangu. Mwaka 1924, mtafiti wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi mtoto wa kiume wa takriban miaka mitatu, aliyemwita Peter, alivyosaidiwa kuacha kuogopa sungura: sungura aliletwa chumbani akiwa mbali wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, akasogezwa kidogo kidogo kila mara, mpaka mtoto akaweza kumshika. Miaka minne kabla yake, huko huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walikuwa wameonyesha upande wa pili, walipomfundisha mtoto mchanga kuogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma ya kichwa chake kila alipomgusa. Jaribio lile lisingeruhusiwa leo, na ni haki lisiruhusiwe. Hata hivyo, linapaswa kumfikirisha kila anayepiga mlango kwa ngumi ili mtoto adhani zimwi limekuja.

Kwa giza, hatua zenyewe ni rahisi. Keti na mtoto barazani baada ya isha, mle karanga, mtazame nyota. Chezeni kuzima taa mkiwa pamoja chumbani na kuhesabu mpaka tano, usiku mwingine mpaka kumi, mkiimba. Mwachie yeye tochi na uwezo wa kuiwasha. Baadaye mama anahesabu akiwa mlangoni, kisha akiwa ukumbini. Mtoto akisema basi, iwe basi. Kesho mtaanzia hatua iliyotangulia.

Kuna ushauri mmoja unaosambazwa sana ambao siupendi, nao ni wa kumtengenezea mtoto "dawa ya mazimwi", yaani chupa ya maji ya kupuliza chini ya kitanda. Huwezi kupuliza dawa dhidi ya kitu unachosema hakipo, na mtoto analiona hilo. Isitoshe, katika nyumba zenye makopo ya dawa ya mbu, sitaki mtoto wa miaka minne ajifunze kwamba kupuliza kopo gizani ni kinga. Ninaloliunga mkono ni kumpa mtoto mwanasesere wa kumtunza. Mtafiti wa Israel, Avi Sadeh, na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto walioathiriwa na vita vya mwaka 2006: watoto walipewa mbwa wa kitambaa, wakaambiwa ana huzuni na anahitaji mtu wa kumtunza, na wasiwasi wao ulipungua. Baadaye njia hiyo ilitumiwa kwa hofu za usiku za kawaida. Mwanasesere wa vitambaa vya kanga anafaa vile vile. Mtoto anayembembeleza mwingine alale huwa amejipa cheo, na cheo kina kazi zake.

Kuhusu taa, sioni ubaya kumwachia mtoto mwanga mdogo, hasa wa rangi ya njano au nyekundu, ulio chini na usioelekea machoni. Mwanga mkali na mweupe ndio unaochelewesha usingizi. Kwa nyumba zisizo na umeme, au umeme unapokatika, taa ndogo ya sola ni bora kuliko koroboi kwa umbali mrefu, maana koroboi na chandarua havikai chumba kimoja. Chandarua chenyewe kinaweza kugeuzwa rafiki: kwangu kimekuwa "nyumba ndogo" ambayo mlango wake hufungwa kwa kuchomekwa chini ya godoro, na mtoto ndiye mwenye kazi ya kukagua kama umefungwa vizuri pande zote.

Katika hili la kufunga milango, mama mkwe wangu ana fungu lake, na ni fungu kubwa. Yeye ni mtu wa zamani; jua likizama hataki mtoto abaki uani, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba magharibi mashetani hutawanyika. Siku moja nilimwambia, "Mama, nakuomba uwasomee hadithi yote mpaka mwisho." Maana hadithi ya Mtume aliyoipokea Jabir bin Abdullah, iliyomo katika Bukhari na Muslim, haiishii kwenye kuwazuia watoto usiku unapoingia. Inaendelea kusema kwamba muda ukipita waachwe, na kwamba milango ifungwe kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kwa sababu shetani hafungui mlango uliofungwa. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ni kweli, mwanangu, na taa zizimwe, panya asivute utambi akaunguza nyumba." Hilo nalo limo katika mafundisho, na linanipendeza kwa jinsi lilivyo la kawaida: hatari iliyotajwa ni panya na moto. Siku hizi watoto humfuata Bibi kufunga mlango wa uani, mmoja anashika komeo, mwingine anasoma bismillahi, na wakisha wanajua kwamba kazi ya ulinzi imekwisha.

Kisha huwasomea Ikhlas, Falaq na Nas, akapuliza viganjani na kuwapangusa mwili, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bi Aisha. Majirani zetu Wakristo wana Zaburi ya 91, inayoitaja hofu ya usiku waziwazi. Ninachokiona kama mwalimu ni kwamba maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtu yule yule, kila usiku, humtuliza mtoto hata kabla hajajua maana yake. Yanapogeuzwa kuwa onyo, kwamba usiposoma watakuja, yanapoteza kazi hiyo.

Wazazi wengine hunitaka niwakataze mabibi kusimulia hadithi za mazimwi. Sitafanya hivyo. Katika ngano zetu zimwi lina nyumba yake, lina tamaa yake, lina upumbavu wake, na karibu kila mara linashindwa, mara nyingi na mtoto au sungura. Mtoto anayeitikia "hadithi njoo" anajua ameingia mahali ambapo mwisho upo. Zimwi la kitisho halina mwisho wa namna hiyo, wala hakuna sungura wa kulishinda. Kwa mtoto mwoga sana, hadithi nzito isimuliwe alasiri na ile nyepesi ibaki kwa usiku. Zaidi ya hapo sioni haja ya marufuku.

Televisheni na simu ni jambo jingine. Filamu za uchawi zinazoonyeshwa sebuleni baada ya chakula cha usiku, mtoto akiwa amelala nusu kwenye kochi na watu wazima wakidhani haoni, zina picha zisizokubali kufutwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Nyumba chache ninazozifahamu zinafikia hayo.

Tukumbuke pia kwamba mtoto husoma uso wa mtu mzima kabla ya kusikia maneno yake. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, wakiwa wameota moto. Sina haja ya kurudia yaliyosemwa. Mtoto aliyekuwapo hakuhitaji maelezo yoyote. Kumwona baba yake akikesha kulimtosha. Kwa hiyo bundi akilia juu ya mwembe na wewe mwenyewe ukashtuka, sema tu, "Nimeshtuka, kumbe ni bundi," kisha uendelee na ulichokuwa ukikifanya.

Choo kinastahili maneno mawili. Katika nyumba nyingi kiko uani, na mtoto anayeogopa kuvuka ua usiku atabana mpaka apitiwe na usingizi, kisha atalowesha kitanda. Kumwimbia nyimbo za kikojozi ni ukatili. Mwekee poti au ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na msindikize kila anapoomba, bila manung'uniko.

Wala siwahimizi wazazi wamtenge mtoto chumba cha peke yake ili akomae. Watoto wetu wengi hulala na ndugu zao au na bibi yao, na mtoto aliyekwisha kutambaa na kutembea, anayelala karibu na mtu anayempenda, hapungukiwi na kitu. Kinachofaa ni utaratibu usiobadilika kila usiku kwa kufuata kelele za siku hiyo.

Hofu nyingi za umri huu hupungua zenyewe kadiri mtoto anavyokua. Zisipopungua kwa miezi, zikimzuia kula, kucheza au kwenda shule, au zikianza baada ya msiba, moto, ajali au ugomvi mkubwa nyumbani, mpeleke kwa daktari au mshauri anayehudumia watoto. Na mtoto ambaye hofu yake imeanza ghafla, anayekataa kulala chumba fulani, anayekakamaa mtu fulani wa nyumbani anapokaribia, au anayeamka usiku akisema "sitaki" na asiseme hataki nini, asichukuliwe kuwa mtoto anayeogopa giza. Usimhoji usiku huo. Mchana, mkiwa wawili, mkichambua mchele au mkikunja nguo, mwulize kwa utulivu nani amemtisha au kumgusa asivyopenda, na umwache amalize bila kumkatiza, bila kuonyesha hasira na bila kumwahidi kwamba utaificha siri. Mtenge na mtu huyo kuanzia siku hiyo hiyo. Tanzania, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na Kenya namba ni hiyo hiyo. Ukipenda, nenda moja kwa moja kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii wa eneo lako.